Nyumba Isiyoonja Mchuzi

Wanawake wa kwetu hatuonji chakula tukiwa jikoni. Nasema mapema ili mtu akinitembelea Kilwa Masoko, akakuta mchuzi wangu hauna chumvi, au una chumvi ya kutosha mtaa mzima, asidhani nimemchukia. Ni mwiko wa upande wa mama yangu. Anayepika haonji, binti anayemsaidia haonji, mtoto anayepita hatiwi hata tone kiganjani. Chungu kinatoka mekoni kama barua iliyofungwa, na atakayejua kilichoandikwa ndani ni mlaji.

Nilipoolewa sikumwambia mume wangu. Niliona ni jambo dogo, litajulikana lenyewe, na kweli lilijulikana siku ya pilau ya kwanza niliyompikia mama mkwe. Alikula tonge moja, akanitazama, akanywa maji. Akala la pili, akanywa maji tena. Ni mtu mstaarabu, hakusema kitu, ila kuanzia siku ile shughuli yoyote ikitokea nyumbani kwake mimi napewa kazi ya kuchagua mchele. Mume wangu naye akajitafutia kikopo kidogo cha chumvi, anatembea nacho kwenye mfuko wa shati mpaka leo. Hukitoa hata kwenye harusi za watu wanaojua kupika, kwa mazoea tu, na mimi huangalia pembeni.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Kilangala, upande wa Lindi, pamoja na mama yangu mdogo. Hao wawili wana mbinu zao. Bibi anadai kwamba mchuzi uliokolea chumvi povu lake hupasuka haraka. Mama mdogo anasema yeye hunusa. Wote wawili hukosea karibu kila siku, na kila mmoja ana hakika kwamba aliyeharibu ni mwenzake.

Sikuwahi kuuliza mwiko huo ulitoka wapi. Na hapa inabidi nijiseme mwenyewe, maana kazi yangu ni mwalimu wa historia. Kwa miaka mingi nimewasimamia watoto wa watu nikiwaambia kila jambo lina chanzo chake na mwenye akili huuliza kwa nini. Wasiouliza nimewagombeza. Kwetu nikala chakula chapwa kwa miaka hamsini, yaani kisicho na ladha hata ya maji, na sikuuliza.

Ila darasani kuna binti mmoja aliwahi kuuliza. Tulikuwa kwenye Vita vya Maji Maji, nikiwa nimepamba moto, nachora mishale ubaoni, akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, wanawake walikuwa wapi?" Nikamjibu, "Walikuwa nyumbani," nikaendelea na mishale. Wakati wa mtihani nikakuta amejibu hivyohivyo, walikuwa nyumbani, na mimi nikampa vema. Vema ile ilinikera. Niliiona kila nilipofunga macho, nyekundu, imekaa pale kama vile imesema kitu cha maana. Mwishowe nikaanza kuandika riwaya juu ya wanawake katika vita vile, nusu kwa hamu na nusu kwa aibu.

Nikaiandika miaka mitatu. Mhariri wa Dar es Salaam aliyesoma sura za mwanzo alizipenda, ila aliniomba niongeze risasi. Nikaongeza. Shujaa wangu alikuwa binti wa miaka kumi na tisa mwenye gobori, anakimbia porini tangu ukurasa wa kwanza, na askari wakimwona tu wanaanza kutetemeka. Sasa shujaa hanogi bila msaliti. Nikamtafuta msaliti, na kwa uvivu nikamchukua nyumbani.

Kwetu tuna fedheha ya zamani. Bibi yake bibi, wakati wa vita, aliwapikia askari wa Mjerumani kwenye kambi yao iliyokuwa kule bara ya Lindi. Askari walipoondoka na yeye hakuonekana tena. Watu wakasema amefuatana nao, amekwenda kula raha mjini. Tangu hapo ukoo wetu unaitwa wapishi wa boma, na watani zetu hawajalisahau jina hilo hata siku moja. Tukifika msibani tunasikia, "Wapishi wa boma hao, ficheni vyungu." Nilimchukua mama huyo, nikamhamishia kijiji kingine, nikamfanya mwanamke anayemnong'oneza mkuu wa askari mahali walikojificha wanaume. Nilijiona fundi. Niliamini hakuna atakayemtambua.

Likizo ya Juni nikabeba makaratasi yangu nikaenda Kilangala. Mhariri alikuwa amenipa mpaka mwisho wa Julai. Nia yangu ilikuwa kumsomea bibi riwaya yote, anisahihishe mambo ya kale, kwa sababu hajui kusoma lakini anakumbuka hata mbuzi aliyekufa kabla mama yangu hajazaliwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu hajambo? Bado anatembea na chumvi yake?"

Hivyo ndivyo anavyoniita, mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na mume wangu kwake ni mume wetu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina langu la pili.

Tulisomea uani, nyuma ya nyumba, tumelizunguka lundo la mbaazi mbichi. Alikuwepo bibi na ungo wake, mama mdogo na jiko lake, na mtani wetu. Huyu ni mama wa Kimakonde wa Mtama, Mkristo mwenye rozari shingoni, ambaye kila msimu huja kununua mbaazi na kukaa kwetu majuma mawili bila kuombwa. Utani wa makabila, kwa asiyeujua, ni ruhusa. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akalala juu ya kitanda cha maiti wenu akajifanya analia, akaondoka na kuku wako. Wewe huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa kumjibu tu, na kumchukulia kuku wake siku ukimkuta kwake. Bibi na mama huyu walikuwa wamejibizana miaka arobaini, na sidhani kama kuna mtu nje ya ukoo anayempenda bibi kuliko yeye. Siku ile alikuwa ameshakamata jogoo wetu mwekundu na kumfunga miguu chini ya kiti chake, kabla hata hajanywa chai.

Nikaanza kusoma. Shujaa wangu akatoka mbio porini na gobori lake.

"Mtoto kamwacha na nani?" bibi akauliza.

Nikamwambia hana mtoto. Bibi akasema miaka kumi na tisa, zamani zile, hana mtoto, basi huyo ana matatizo mengine na ingefaa niyaeleze. Nikaendelea. Shujaa akakaa porini siku tatu akiwavizia adui.

"Anakula nini?" akauliza mama mdogo.

"Hali. Ana hasira."

"Hasira za siku tatu bila hata muhogo," mtani akasema. "Hiyo ni homa."

Kwenye sura ya nne shujaa anasimama mbele ya askari na kuwahutubia kurasa mbili nzima juu ya uhuru. Naipenda sana hotuba ile. Nilipomaliza nikainua macho nikitegemea kuona machozi. Mtani alikuwa anafikiri.

"Na hao askari," akasema, "walikuwa wamekaa chini wanamsubiri amalize?"

Nilikasirika, sikatai. Niliwaambia kwamba mhariri msomi amezipenda kurasa hizo, na bibi akasema labda mhariri naye hajawahi kumwacha mtoto na mtu. Wakacheka mpaka mbaazi zikamwagika kwenye ungo. Hata hivyo niliandika pembeni yote waliyoyasema, kwa sababu yalikuwa kweli.

Siku ya pili nikafika sura ya saba. Nilisoma kwa sauti nzito, ya kutisha kidogo: mpishi wa kambi akachota mchuzi kwa upawa, akauonja, akatabasamu, kisha akamwinamia mkuu wa askari sikioni.

Mkono wa bibi ukasimama juu ya mbaazi.

"Alionja?"

"Ndiyo, bibi. Mpishi si lazima aonje?"

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaiweka chini punje aliyokuwa ameishika, taratibu.

"Huyo ni bibi yangu."

"Hapana bibi, ni mtu wa kubuni. Hata kijiji si chenyewe."

"Kijiji umebadilisha. Ndonya umemwachia."

Ni kweli nilimwachia ndonya, lile pambo la kutoboa mdomo wa juu, ya mti mweupe, yenye ufa, maana bibi mwenyewe aliwahi kunisimulia nikiwa mdogo na nilipenda ule ufa. Bibi akainuka, akajifuta mikono, akaingia ndani. Mchana hakutoka kula. Kesho yake alitoka, akaitikia salamu yangu vizuri, akaniuliza nimeamkaje. Lakini aliniita mwalimu. Siku nzima, mwalimu, mwalimu. Sijawahi kuumizwa na heshima namna ile.

Alasiri nikamfuata alipokuwa amekaa peke yake juu ya mkeka baada ya swala, nikamwambia, "Bibi, niambie alivyokuwa. Nitarekebisha."

"Siwezi kukwambia."

"Kwa nini?"

"Nilimwahidi mama yangu. Alisema nisimwambie mtoto wa nyumba hii wala mgeni. Mama mdogo wako nimemlaza kifuani na sikumwambia."

"Basi wataendelea kutuita wapishi wa boma."

"Nimeitwa tangu nina meno ya utotoni. La mdomoni linapita, wanacheka, wanakula, wanakwenda zao." Akaanza kuukunja mkeka, nami bado nimeukalia pembeni. "Wewe unakwenda kuandika. Mimi sina siku nyingi. Nikiondoka itabaki karatasi yako, na bibi yangu atakuwa hivyo milele."

Nikamwahidi nitaifuta ile sura. Akasema nikiifuta hatakuwemo kabisa, na hilo nalo halitaki. Kwa hiyo nilikuwa na mtu nisiyeruhusiwa kumwandika vibaya, nisiyeweza kumwandika vizuri, na nisiyeruhusiwa kumwacha. Nikaenda kukaa na mtani, aliyekuwa anashona magunia yake, nikamweleza yote kwa kunung'unika.

Alishona mishono kadhaa.

"Mtoto wa nyumba hii, hapana. Mgeni, hapana," akarudia. "Mimi ni mtoto wa nyumba hii?"

"Hapana."

"Mimi ni mgeni?"

Nikamtazama, na jogoo wetu chini ya kiti chake. "Hapana."

"Basi chukua mbaazi, kaa karibu, ufunge mdomo."

Akainuka na kiti chake, jogoo akaburutika nyuma, akaenda kukiweka mbele ya bibi magoti yakigusana.

"Hujambo, mpishi wa boma."

Bibi akavuta ungo wake, akaendelea kumenya mbaazi.

"Jana usiku nilikuwa namfikiria bibi yako. Kumbe alikuwa na haki ya kukimbia. Alionja chakula cha kwenu siku moja, akasema heri Mjerumani."

Mama mdogo alikuwa ameacha kuchochea moto. Mtani akajisogeza.

"Kwetu tunajua habari zake. Alifika Lindi akanunuliwa viatu. Viatu na soksi. Asubuhi anakula mkate, jioni anapigwa picha."

"Nani alivaa viatu?" bibi akasema.

"Bibi yako. Vyeusi, vya kufunga kamba."

Bibi akaweka ungo chini. Akajigeuza mwili mzima amwelekee mtani, akanipa mgongo, na nilielewa kwamba mgongo ule nimepewa kwa makusudi.

"Wewe mwizi wa kuku, sikiliza nikujibu. Sisimulii kitu hapa. Nakujibu utani wako, na majibu ya utani hayahesabiwi."

"Hayahesabiwi," mtani akasema.

"Bibi yangu alikamatwa pamoja na wanawake wenzake na watoto wa mgongoni. Waliwafungia kwenye ua wa miiba ili wanaume watoke porini. Yeye wakamtoa, apike. Chakula chote walikuwa wameshachukua, mtama, kunde, kila kitu, na kilipoisha wakamwambia atafute. Akawaambia porini kuna ndiga. Unaijua ndiga?"

"Kiazi cha njaa. Naijua."

"Ukiikata vipande ukailaza kwenye maji yanayotembea siku tatu, ni chakula. Ukiilaza siku moja, mlaji anaona miti inamfuata. Yeye alijua hilo na askari wa mbali hawakujua. Lakini mkuu wao hakuwa mjinga, kila chungu anamwambia mpishi aonje kwanza. Kwa hiyo bibi yangu hakuanza na ndiga. Alianza na mwiko. Tangu chungu cha kwanza kabisa, chakula kizuri, halali, hakina kitu, akasema kwetu anayepika haonji, mniue tu. Akapigwa. Hakuonja."

Bibi akaendelea, sauti ileile ya kujibizana, kana kwamba bado wanagombania kuku.

"Mkuu akamtuma askari mmoja nyumbani kwa bibi yangu akathibitishe. Mabinti zake watatu walikuwa wameachwa huko, wadogo mno hata kufungwa. Bibi yangu alikuwa ameshawapelekea habari kwa mchota maji. Askari akakaa uani kwetu siku tatu na bunduki yake, anawatazama wanavyopika uji wa pumba. Mama yangu ndiye mdogo wao, ana miaka saba, hajala tangu jana yake. Anakoroga. Uji ukamrukia hapa." Bibi akaonyesha juu ya kidole gumba. "Askari anamtazama. Mtoto ana njaa, uji uko mkononi. Akaufuta kwenye kaniki."

Nilikuwa nimeshika ganda la mbaazi na sikumbuki nililitupa wapi.

"Askari akarudi kambini akasema ni kweli, hawa watu hawaonji, hata watoto. Siku hiyo bibi yangu akapika ndiga ya siku moja. Wakala mchana. Alasiri hakuna aliyeweza kusimama. Wanawake wakaifungua miiba wakatoka na watoto wao, ua mzima. Wakamwita, twende. Akasema, mpishi akikimbia watajua ni chungu, watawafuata leo hii kabla hamjafika popote. Wakiamka wakanikuta nakoroga watasema ni maji mabaya. Akabaki anakoroga."

"Na wale mabinti?"

"Aliwaletea neno kwa mmoja wa wale waliotoka. Kwamba wasionje, wala wasiseme kwa nini, mpaka arudi mwenyewe awaambie." Bibi akauchukua ungo wake. "Hakurudi. Hakuna aliyekuja kutuambia. Basi. Hivyo viatu vya kamba kavae wewe."

Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona miaka yote. Mtani aliinama, akamfungua jogoo miguu, akamwachia aende. Jogoo akasimama pale haamini.

"Mfunge kuku wako," bibi akasema. "Usinionee huruma."

Mtani akamkimbiza jogoo uani mzima, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsaidia, alichukua muda mrefu. Mimi nililia. Nililia kwa ajili ya mtoto wa miaka saba na uji wake, halafu nikakumbuka pilau ya mama mkwe nikacheka humohumo kwenye kilio, mpaka mama mdogo akaniletea maji akidhani nimepaliwa. Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Nilikuwa nimeuonea aibu mchuzi wetu maisha yangu yote. Tulikuwa lindoni.

Usiku mwalimu wa historia aliye ndani yangu akaamka. Hakuna hati. Shahidi mmoja, hakuwepo, na ushahidi wenyewe umetolewa kwa utani mbele ya jogoo. Mwanafunzi akiniletea hivyo namrudishia karatasi. Tena kulikuwa na ahadi ya bibi, na mimi ni mtoto wa nyumba ile. Asubuhi nikamwendea mtani tena, nikaongea naye kwa sauti ambayo bibi aliisikia vizuri kutoka barazani.

"Mtani, sijui kama mtu anaweza kuliandika jambo ambalo hakuambiwa."

Bibi akajibu mwenyewe, akitazama barabarani. "Si umesema kitabu chako ni cha kubuni?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi buni."

Nikaichana sura ya saba. Shujaa mwenye gobori nilimwacha aendelee kuishi, lakini nilimpa mtoto, nikampa muhogo, nikampunguzia hotuba ikabaki mistari mitatu. Kisha nikamweka mpishi katikati ya kitabu. Niliandika siku tisa kwenye meza ya kushonea ya mama mdogo, mbaazi zikiisha huku nyuma na magunia yakisimama. Mhariri alipopiga simu nikamweleza mabadiliko.

"Mpishi?" akasema. "Na zile bunduki ziko wapi?"

"Wanazo askari. Wamelala chini, wanatapika."

Halafu akauliza ndiga ni nini. Nikajua ameshakubali.

Kilichobaki kikawa mwisho. Nilijua ukweli wake, kwamba hakurudi, na kwamba kaburi lake halijulikani. Nilijaribu kuuandika hivyo mara nne. Mara zote niliishia kwa wale mabinti watatu wameinamia chungu, wanasubiri, na kila nilipoweka nukta nilijisikia kama mtu anayefunga mlango huku anajua kuna watu ndani. Historia ningeweza kuisomea darasani. Hii ilikuwa riwaya, na niliambiwa nibuni.

Siku ya kuondoka kwangu, gari la mtani la kubebea mbaazi likiwa limeshafika, nikawaomba wanisikilize mara ya mwisho. Mama mdogo alikuwa na chungu cha mbaazi za nazi mekoni, na bibi alikuwa amekaa kando yake akilitazama povu. Mtani alikaa na jogoo mapajani, maana hakumwamini tena. Tangu siku ile aliyonipa mgongo bibi alikuwa anaongea nami, ananitania kidogo, lakini bado hakuwa ameniita kwa jina langu la pili.

Nikasoma. Mpishi anatembea siku nyingi, amekonda, ndonya imevunjika kabisa kwenye ule ufa. Anafika uani kwake. Mabinti wake wameinamia chungu na wamekua kidogo. Mama yao hawasalimii kwanza. Anasimama pale anawatazama, kisha anasema, vita vimekwisha, onjeni.

Nikafunga makaratasi. Gari lilikuwa linaunguruma nje na hakuna aliyelijali.

"Alirudi?" bibi akauliza.

"Kwenye kitabu alirudi."

"Na alisema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Alisema yeye mwenyewe, bibi."

Akanyoosha mkono kwa mama mdogo, na mama mdogo, aliyekuwa na upawa, hakuelewa anaombwa nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuombwa kitu hicho katika nyumba ile. Bibi akamnyang'anya. Akachota, akapuliza. Akaonja.

Tulimsubiri sote. Hata mtani alikuwa ameshika rozari. Bibi alifumba macho, akameza, chozi moja likashuka bila yeye kulifuta.

"Kumbe tunazidisha," akasema.

Halafu akachota tena, akaniletea mdomoni kwa mkono wake. "Onja na wewe, mke mwenzangu."

Nikaonja. Ilikuwa chumvi tupu, na nikameza yote.